Shajara ya mradi: Taa za dagaa kwenye ukuta wa chokaa

Kazi yenyewe: picha za ukutani zinazoendeshwa papo kwa papo wakati ngoma ikichezwa, uwanja wa wazi, Kigoma mjini. Malighafi ni video za usiku za taa za wavuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika, pamoja na machweo jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Programu ni TouchDesigner kwa leseni ya bure, ambayo picha yake haivuki pikseli 1280 kwa 1280. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye 1280 × 720, fremu 30 kwa sekunde. Projekta ni ya lumeni 5,000, yaani jumla ya mwanga inaotoa.

Wiki ya 1: hesabu ya ukuta

Swali la kwanza lililoulizwa ni kwa nini tuhangaike na HDR, yaani video inayobeba mwanga mkali kupita nyeupe ya kawaida, wakati projekta si ya HDR. Jibu liko kwenye hesabu. Picha ina upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.25, yaani mita za mraba 9. Lumeni 5,000 zikigawanywa kwa 9 ni laksi 555, mwanga unaoangukia ukuta. Gawanya tena kwa 3.14, unapata niti 177, mwanga unaorudi machoni, kwenye ukuta mweupe usiong'aa. Chokaa iliyozeeka hurudisha pungufu ya hapo. Video ya HDR yenyewe hubeba niti 1,000 bila shida, na mkunjo wa PQ, kanuni mojawapo ya kugeuza mwanga wa HDR kuwa namba, umepangwa kufika niti 10,000. Hakuna projekta ya bei hii itakayotoa mwanga huo.

Kwa hiyo HDR ya mradi huu haiko ukutani, iko ndani ya mnyororo wa programu. Taa ya mvuvi na shati jeupe la mvuvi huyohuyo zikiingia kwa video ya kawaida ya biti 8, zote mbili zinagonga dari, namba 255. Kuanzia hapo programu haiwezi kuzitofautisha: ukiunganisha picha, ukitia ukungu, ukipunguza mwanga, taa na shati vinakwenda pamoja. Zikiingia kwa HDR, shati ni 1, nyeupe ya kawaida, na taa ni karibu 5, na tofauti hiyo inabaki hai katika kila hatua mpaka ile ya mwisho. Uamuzi uliotokana na hilo ndio unaoongoza kila kitu hapa chini: mwanga unabanwa, yaani unashushwa uingie katika uwezo wa projekta, mara moja tu, mwishoni kabisa, na kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuukata.

Jambo la pili la ukuta ni giza. Taa ya ulinzi iliyo pembeni ikimwaga laksi 10 ukutani, weusi wote wa picha unapanda hadi niti 3.2, na tofauti kati ya cheupe na cheusi haifiki 60 kwa 1. Usiku wa ziwa unageuka kijivu. Kuzima taa hiyo moja kuna faida kuliko kukodi projekta yenye nguvu mara mbili. Imeandikwa kwenye makubaliano na wenye uwanja kwamba itazimwa.

Wiki ya 2: kurekodi

Ratiba ilifuata mwezi. Mwezi ukiwa mpevu boti za dagaa hazitoki, maana maji yote yameangazwa na samaki hawaifuati taa. Tulirekodi siku za giza, mwalo wa Kibirizi boti zikiondoka jioni, na Katonga usiku.

Simu ziwekwe 1080, fremu 30, HDR ya biti 10. Funga mwanga na fokasi kabla ya kuanza, kisha shusha mwanga mpaka uone umbo la taa yenyewe badala ya doa jeupe. Simu ikiachwa ijiamulie, kila boti inayoingia kwenye fremu inabadilisha mwanga wa picha nzima, na kosa hilo halirekebishiki baadaye.

Karabai hazipepesi. Taa za LED za betri ndizo zenye shida: baadhi hupunguziwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka sana, na kwenye video hutokea mistari ya giza inayopanda. Shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50 iliifuta kwenye taa nyingi, 1/200 iliizidisha. Kwa picha za sokoni zenye taa za umeme wa gridi, ambao ni hezi 50, tumia 1/50 au 1/100, si vinginevyo.

Wiki ya 3: kutambua faili na kuzigeuza

Faili mbili zinaweza kuonekana sawa kwenye simu huku moja ikiwa na mkunjo wa HLG, kanuni nyingine ya HDR, na nyingine wa PQ. Simu za iPhone kuanzia 12 hurekodi HLG. Simu nyingine zinazorekodi HDR10+ hutumia PQ. Usibahatishe. Endesha ffprobe, programu ya kusoma taarifa za video, kwa kila faili na usome mistari mitatu:

color_transfer: arib-std-b67 maana yake ni HLG, smpte2084 maana yake ni PQ
color_primaries: iwe bt2020
pix_fmt: iwe na herufi 10le mwishoni

Ikiandikwa yuv420p bila 10, faili hiyo si HDR tena. Mara nyingi imepitia WhatsApp. Faili saba zililetwa kwa njia hiyo na zote zikaombwa upya kwa waya au kadi.

HEVC, mfumo ambao simu hubania video, haifai kwa onyesho, kwa sababu fremu nyingi zinategemea jirani zake, na ukirudisha video nyuma au kuruka katikati, kompyuta inalazimika kufumbua fremu nyingi ili ipate moja. Tunageuza kuwa ProRes 422 HQ ambayo kila fremu inajitegemea:

ffmpeg -i karabai_03.mov -vf "fps=30,scale=1280:720:flags=lanczos" -c:v prores_ks -profile:v 3 -pix_fmt yuv422p10le -color_primaries bt2020 -color_trc arib-std-b67 -colorspace bt2020nc -an karabai_03_pr.mov

Kwa faili za PQ badilisha arib-std-b67 kuwa smpte2084. Kipande cha fps=30 kisisahaulike: simu hazirekodi fremu kwa nafasi sawa, na bila kuzinyoosha video huchelewa kidogokidogo nyuma ya ngoma. Angalia pia kwamba hatujabana mwanga wala kubadilisha rangi hapa. Mkunjo unabaki kama ulivyotoka kwenye simu.

Wiki ya 4: kusoma namba ndani ya TouchDesigner

Hii ndiyo wiki iliyokula muda mwingi, na haikupotea bure.

Kwanza, kila kituo cha mnyororo, yaani kila hatua ya kuchakata picha, kina mpangilio wa Pixel Format kwenye ukurasa wa Common. Kuanzia sheda (programu fupi ya kadi ya picha) ya kwanza, weka 16-bit float, namba za desimali zinazoweza kuvuka 1, kwa mkono. Ukiacha kifuate kilichoingia, kituo kimoja tu cha biti 8 katikati kinakata kila kitu kilicho juu ya 1, na picha inaendelea kuonekana ya kawaida kabisa mpaka utakapojaribu kuipunguza mwanga. Picha moja ya 1280 × 720 kwa biti 16 inachukua megabaiti 7.4 za kadi ya picha, badala ya 3.7 za biti 8. Ni gharama ndogo. Biti 32 zingechukua 14.7 na hazina faida hapa, kwani hata kati ya 4 na 8 biti 16 zinaweza kutofautisha hatua za 1/256.

Kipimo cha kukagua mnyororo: weka Constant (kituo cha rangi moja) yenye thamani 2.0 mwanzoni, soma mwishoni kabla ya kubana. Ikirudi 1.0, rudi nyuma kituo kimoja kimoja mpaka umpate mkataji. Fanya hivyo tena kila unapounganisha programu mbili kwa Spout, njia ya kupitishiana picha ndani ya kompyuta, maana njia hiyo ikiwa ya biti 8, mwanga wa ziada unaishia mlangoni.

Pili, hakikisha video inafumbuliwa kwa kipimo sahihi. Tulitengeneza faili ya majaribio yenye kijivu kimoja tu:

ffmpeg -f lavfi -i "color=s=1280x720:r=30:d=2,format=yuv422p10le,geq=lum=721:cb=512:cr=512" -c:v prores_ks -profile:v 3 kijivu721.mov

Namba 721 ni asilimia 75 ya HLG: 64 ongeza 0.75 mara 876. Ndani ya programu inapaswa kusomeka 0.75. Ikisomeka 0.705, programu imegawanya kwa 1023 bila kujali kwamba weusi wa video unaanzia 64, na usiku wako wote utaelea juu ya kijivu cha 0.06.

Tatu, sheda ya kufungua HLG. Sehemu muhimu ni hii:

vec3 hlg(vec3 e) {
  vec3 chini = e*e/3.0;
  vec3 juu = (exp((e-0.55991073)/0.17883277)+0.28466892)/12.0;
  return mix(chini, juu, step(0.5, e));
}

Toleo la kwanza liliishia hapo, kisha likagawanya kwa 0.265 ili asilimia 75, ambayo ndiyo nyeupe ya kawaida ya HLG, iwe 1. Kilele cha taa kikafika 3.77. Lakini video za HLG zikiwekwa kando ya zile za PQ zilionekana zimefifia, vivuli vimeinuka. Sababu ni kwamba HLG inahifadhi mwanga wa mahali ulikorekodiwa, na PQ inahifadhi mwanga wa skrini. Kati yao kuna hatua moja: kwa skrini ya niti 1,000 mwanga unapandishwa kwa kipeo cha 1.2. Mistari miwili ikachukua nafasi ya kugawanya kwa 0.265, s ikiwa ni matokeo ya hlg:

float Y = dot(s, vec3(0.2627, 0.6780, 0.0593));
s *= pow(max(Y, 0.0001), 0.2) / 0.203;

Sasa nyeupe ni 1 na kilele ni 4.93. Kwa PQ unafungua mkunjo upate niti, kisha unagawanya kwa 203, niti za nyeupe ya kawaida: niti 1,000 zinatoa 4.93 ileile. Namba hizo mbili zilipokutana, video za simu zote zikakaa pamoja bila kurekebishwa kwa macho.

Nne, rangi. Kutoka BT.2020, rangi pana za HDR, kwenda BT.709, rangi za video ya kawaida, tunatumia safu hizi:

1.6605, −0.5876, −0.0728
−0.1246, 1.1329, −0.0083
−0.0182, −0.1006, 1.1187

Tahadhari kubwa: GLSL, lugha ya sheda, inajaza mat3, jedwali la namba 3 kwa 3, kwa nguzo, haijazi kwa safu. Ukizinakili zilivyo, nyeupe inageuka 1.52, 0.44, 1.04, yaani waridi lililokolea. Zigeuze, au zidisha vekta ikiwa kushoto. Safu zilizo sahihi kila moja ikijumlishwa inatoa 1, kwa hiyo nyeupe ibaki nyeupe.

Baada ya hatua hii baadhi ya rangi kali, hasa buluu za taa za LED, zinatoka na namba hasi. Zikate kwa max(c, 0.0) papo hapo. Sababu iko wiki ya 6.

Wiki ya 5: kuchanganya

Kuanzia hapa kila namba ni mwanga wenyewe, kwa hiyo kuchanganya kunafanana na jinsi mwanga unavyochanganyika ziwani. Anayejaribu kuchanganya kabla ya kufungua mkunjo aone mfano huu: kati ya giza kabisa na niti 1,000, nusu ya njia kwa mwanga ni niti 500. Kwa namba za PQ, nusu ya njia ni niti 25 hivi. Picha inazama katikati ya mpito na kuibuka ghafla mwishoni.

Kilichovunjika wiki hii ni mtindo wa kuchanganya uitwao Screen, ambao watu wa kazi hii wanautumia kwa taa miaka yote. Kanuni yake ni 1 − (1−a)(1−b), na imejengwa kwa namba zisizovuka 1. Taa mbili zenye 3 zikikutana: 1 − (−2)(−2) = −3. Ukutani ilionekana hivi: taa mbili zinasogeleana, mwanga unazidi, kisha katikati kabisa panafunguka tundu jeusi la duara lenye ukingo wa manjano, kama mboni ya jicho. Screen imeondolewa kila mahali, badala yake ni Add. Mwanga juu ya mwanga hujumlishwa, basi.

Multiply na Over havina tatizo. Difference iangaliwe, inaweza kutoa namba kubwa zisizotarajiwa.

Wiki ya 6: mrejesho

Mikia ya mwanga inayofuata taa inatengenezwa kwa Feedback: fremu iliyopita inapunguzwa kidogo na kurudishwa juu ya mpya. Mpangilio wa zamani ulikuwa kuzidisha kwa 0.98 na kujumlisha. Kwa biti 8 ulifanya kazi kwa sababu dari ya 255 ilikuwa inaukata kila fremu. Dari ilipoondolewa, taa iliyotulia ilipanda hadi mara 50 ya mwanga wake, kwa sababu 1 gawanya kwa 0.02 ni 50. Hata shati lenye 1 likafika 50, na baada ya kuondolewa lilichukua fremu 194, zaidi ya sekunde 6, kushuka chini ya 1. Ukuta mzima ulikuwa mweupe.

Hii haimaanishi kwamba biti 8 zilikuwa sahihi. Kule kulikuwa na kasoro ya upande wa pili: namba 24 mara 0.98 ni 23.52, inakadiriwa kuwa 24 tena, kwa hiyo mikia haikuisha kamwe na ukuta ulibaki na mizimu ya kijivu. Wengi wameizoea wakidhani ni tabia ya projekta.

Mpangilio wa sasa: chukua kubwa kati ya fremu mpya na ya zamani iliyozidishwa kwa 0.95. Haiwezi kuvuka mwanga ulioingia. Na hapa HDR inaonekana wazi kwa macho: mkia wa shati, kutoka 1 hadi 0.05, unadumu fremu 58. Mkia wa taa, kutoka 4.93, unadumu fremu 90. Boti inapopita, mwili wake unafutika na taa inaendelea kuandika mstari juu ya maji kwa sekunde nzima zaidi. Hakuna aliyeupanga mstari huo, umetoka kwenye namba.

Sasa zile namba hasi. Kipeo cha desimali cha namba hasi hakina jibu, na kadi ya picha inaandika NaN, yaani si namba. Pikseli moja yenye NaN ikiingia kwenye mrejesho haitoki, na ukungu ukipita juu yake inaambukiza majirani: doa jeusi la mraba linalokua kila fremu. Kulisafisha kwa max baada ya kutokea hakuaminiki, kadi tofauti hujibu tofauti. Zuia kabla ya kila pow, na weka kitufe cha Reset cha Feedback kwenye kinanda cha MIDI, mahali ambapo mkono unafika gizani.

Wiki ya 7: kubana

Hatua moja, mwishoni. Chini ya 0.6 hatugusi kitu, ili sura za wachezaji na maji vibaki kama vilivyo. Juu ya hapo: t = (x − 0.6)/0.4, kisha matokeo ni 0.6 + 0.4 × t(1 + t/182.25)/(1 + t). Namba 182.25 ni mraba wa 13.5, inayofanya 6 iwe mwisho. Matokeo: 1 inakuwa 0.80, 2 inakuwa 0.92, 4.93 inakuwa 0.99, 6 inakuwa 1.

Kuna njia mbili za kuitumia. Ukibana kila rangi peke yake, karabai inapauka katikati. Ukibana kwa kufuata rangi iliyo kubwa kuliko zote na kuzishusha nyingine kwa uwiano, karabai inabaki na rangi ya chungwa mpaka kiini, inaonekana kama rangi iliyopakwa, haiwaki. Tunachanganya, asilimia 60 ya njia ya kwanza na 40 ya pili. Hili ni la jicho, si la kanuni. Anayetumia video za machweo tu anaweza kuegemea njia ya pili.

Kisha mkunjo wa sRGB, ule wa skrini za kawaida, kisha kelele ndogo ya nusu hatua ya biti 8 juu na chini. Bila kelele hiyo anga la machweo linakatika ngazi ngazi, na jasho lote la biti 10 linamwagika kwenye waya wa mwisho.

HDR ya Windows izimwe. Projekta nyingi hupokea ishara ya HDR bila uwezo wa kuionyesha, kisha huibana zenyewe kwa namna yao, na picha inabanwa mara mbili. Kagua pia kwamba kompyuta na projekta wanakubaliana kuhusu kipimo cha HDMI, kamili au finyu. Wasipokubaliana weusi unaelea au vivuli vinamezwa. Kompyuta iendeshwe kwa umeme, kwenye betri kadi ya picha hupunguza nguvu.

Wiki ya 8: mazoezi ukutani

Kitelezi kikuu cha mwanga kilikuwa kinazidisha picha iliyokwisha kubanwa. Kimehamishwa kabla ya kubana na sasa kinahesabu kwa stopu, kila stopu ni nusu ya mwanga. Kwenye stopu tatu chini, shati ni 0.125 na taa ni 0.616. Zikifika projekta ni 99 na 206. Kwa mnyororo wa zamani wa biti 8 zote mbili zingekuwa 99. Ukutani, boti inazama gizani, kisha wavuvi, kisha maji, na taa zinabaki zimetawanyika kwenye chokaa.

Kasoro iliyojitokeza: stopu hazifiki sifuri. Kwenye sita chini taa bado inatoka 78 kati ya 255, na giza la mwisho wa ngoma halikuwa giza. Kitelezi sasa kinashuka kwa stopu hadi sita kwa asilimia 90 ya urefu wake, na asilimia 10 ya mwisho inazidisha kutoka 1 hadi 0.